KUCHAGUA MASHINE YA KWANZA YA KUCHOMELEA CHUMA

Hotuba juu ya kazi za mikono, kwa watu wa Nyeri na wa miji inayouzunguka Mlima Kenya

Wazee husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake ni kuwa mtu mwenye nia ya kulima hushika jembe lo lote alilopewa akaingia shambani, na yule asimamaye akiligeuzageuza na kuulizia jingine, huyo hatafuti jembe, bali anatafuta udhuru. Methali hiyo ni kweli kwa jembe. Lakini kuna chombo kimoja ambacho vijana wengi wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Meru na Embu hutamani kuwa nacho nyumbani, na kwa chombo hicho yapasa methali igeuzwe. Chombo chenyewe ni mashine ya kuchomelea chuma kwa nguvu za umeme. Jembe baya humchosha mkulima tu. Mashine mbaya ya kuchomelea humpotezea mtu akiba yake, tena yaweza kuichoma nyumba yake na kumharibia macho. Kwa hiyo atakaye kuanza kazi hii katika banda la nyumbani kwake hana budi kuchagua, na kuchagua kwa makini kabla ya kutoa fedha.

Mtu apitaye kando ya barabara katika mji wo wote wa nchi hiyo huona mageti yaliyopakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, madirisha yaliyoegemezwa ukutani, matoroli, vitanda vya chuma, na vizimba vya kuku. Nyuma yake huonekana mwanga mkali wa buluu ukimulika na kuzimika. Hiyo ndiyo kazi ya mafundi waitwao jua kali, jina lililotokana na desturi yao ya kufanya kazi nje bila paa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa kubwa juu ya ajira katika Kenya, ikaonyesha kwamba mafundi na wachuuzi wa namna hii, waliokuwa wakifukuzwa huku na huku, walikuwa wakiwalisha watu wengi na walistahili msaada. Mwaka 1986 Serikali ya Kenya iliwataja katika Waraka wake nambari 1 wa mwaka ule kuwa ni tegemeo la kazi kwa vijana, na mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya biashara ndogo. Basi anayenunua mashine leo haingii katika kazi ya kubahatisha. Anaingia katika kazi inayotambuliwa, yenye njia zake na wazee wake.

NAMNA MASHINE IFANYAVYO KAZI

Kwanza yafaa kujua chombo chenyewe hufanya nini. Umeme wa nyumbani una nguvu ya kusukuma, yaani volti, nyingi, lakini wingi wake upitao katika waya, yaani ampea, ni mdogo. Mashine hugeuza hali hiyo: hupunguza volti na kuongeza ampea. Waya mmoja hushikwa kwenye chuma, na wa pili hushika fimbo ambayo mafundi huiita rodi. Rodi ikigusa chuma kisha ikainuliwa kidogo, umeme huruka katika nafasi ile ndogo na kufanya moto wenye joto la maelfu ya digrii. Chuma huyeyuka, rodi nayo huyeyuka, na vyote viwili vikipoa huwa kitu kimoja.

Katika miaka ya 1880 Nikolai Benardos wa Dola ya Urusi alivumbua njia ya kuunga chuma kwa moto wa umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20 Oscar Kjellberg wa Sweden akatengeneza rodi iliyopakwa unga mgumu kwa nje. Unga huo ukiungua hutoa moshi unaozuia hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka, kisha huacha ganda juu ya kiungo, ambalo fundi huligonga kwa nyundo likatoka. Mwaka 1920 meli iliyoitwa Fullagar ilishushwa majini huko Birkenhead, Uingereza, nayo viungo vyake vilichomelewa vyote badala ya kupigwa ribiti. Rodi zinazouzwa leo katika maduka ya vifaa vya ujenzi huko Nyeri ni za ukoo huo huo.

KAZI GANI ITAFANYWA?

Watu wengi huingia dukani na kuuliza bei kabla ya kujiuliza kazi. Huko ni kuanzia mwisho. Mashine huchaguliwa kwa unene wa chuma kitakachochomelewa. Mlango, dirisha, geti dogo, kibanda cha ng'ombe wa maziwa, kihori cha majani, meza, na stendi ya tangi la maji, vyote hivi hutengenezwa kwa mabomba ya mraba, vyuma bapa na vyuma vya pembe ambavyo unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita moja na nusu na milimita tano au sita. Kazi za namna hiyo ndizo nyingi kabisa nyumbani na kijijini.

Rodi yenye unene wa milimita 2.5 huhitaji kama ampea 60 hadi 90. Rodi ya milimita 3.2 huhitaji kama ampea 90 hadi 130. Rodi hizo mbili humtosha mtu aanzaye. Kwa mabomba membamba ya geji 18, ambayo ni kama milimita 1.2 tu, rodi ya milimita 2 hufaa zaidi, maana ile nene hutoboa. Na hapa yafaa ikumbukwe kuwa katika hesabu ya geji namba kubwa ni chuma chembamba, wala si kinene.

Basi hesabu ya kwanza yatoka wazi. Mashine inayotoa kwa kweli ampea 140 au 160 yatosha kwa kazi zote za nyumbani. Mtu atakayesema kuwa mwanafunzi ahitaji ampea 300 anauza chuma, hasaidii mwanafunzi. Vyuma vinene vya trela na vya mitambo ya viwanda vina mahali pake, na mahali hapo si banda la nyuma ya nyumba.

AINA ZA MASHINE

Aina ya kwanza ni transfoma nzito ya zamani. Mafundi wa jua kali huzisuka wenyewe kwa mabati membamba ya chuma na waya wa shaba, na kazi hiyo ni ya kusifiwa. Mashine hiyo haina vitu vya kuharibika upesi. Ikiungua husukwa tena papo hapo mjini. Lakini ni nzito, yahitaji watu wawili kuihamisha, na hunyonya umeme mwingi, kama itakavyoonyeshwa. Tena nyingine husukwa bila kifuniko chema, na waya zake zikaachwa wazi mahali ambapo mtoto aweza kuzigusa.

Aina ya pili ni ile iitwayo inverta. Ndani yake vipande vya elektroniki hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara katika sekunde moja, na kwa sababu hiyo transfoma yake yaweza kuwa ndogo sana. Mashine nyingi za namna hii zenye kufaa nyumbani huwa na uzito wa kilo tano hadi kumi, mtu mmoja akaining'iniza begani. Moto wake ni mtulivu, na mwanafunzi huuwasha kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba haipendi vumbi la chuma, maji, wala umeme unaopanda na kushuka, na ikiharibika si kila fundi awezaye kuitengeneza.

Aina ya tatu hutumia waya mwembamba unaotoka wenyewe kwenye bomba, pamoja na gesi inayofunika kiungo. Ni nzuri kwa mabati ya magari. Lakini mtungi wa gesi wahitaji fedha na usafiri, na upepo wa nje huipeperusha gesi, kiungo kikawa na matundu kama mkate. Aina ya nne ni moto wa oksijeni na asetilini, ambao mafundi wa magari wameutumia kwa miaka mingi. Nao wahitaji mitungi na uangalifu mkubwa.

Kwa mtu aanzaye, anayefanya kazi nje au katika banda lililo wazi, mwenye umeme wa kawaida wa nyumbani, inverta ndogo ya rodi ndiyo ifaayo zaidi. Aliye karibu na msukaji hodari, na mwenye waya mnene wa umeme, aweza kuichukua transfoma bila aibu yo yote. Hizo nyingine na zingoje.

UMEME WA NYUMBA NDIO MWAMUZI

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Umeme wa nyumba katika Kenya ni volti 240. Plagi ya kawaida yenye miguu mitatu ya mraba ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Ukizidisha 240 kwa 13 utapata wati 3,120. Hicho ndicho kipimo cha juu ambacho soketi ya ukutani yaweza kutoa kwa usalama, hata kama mashine imeandikwa maneno gani.

Sasa itazamwe mashine. Moto wa rodi wa ampea 90 huwa na volti karibu 24. Ukizidisha utapata kama wati 2,160 kwenye ncha ya rodi, na mashine yenyewe hupoteza nyingine kwa joto. Kwa hiyo rodi ya milimita 2.5 yaweza kutumika kwenye soketi, ingawa yakaribia mwisho wa nguvu yake. Moto wa ampea 130 huwa na volti karibu 25, nazo ni zaidi ya wati 3,200 kwenye ncha tu. Hapo soketi imeshindwa. Atakaye kutumia rodi ya milimita 3.2 siku nzima sharti awekewe waya wake mwenyewe kutoka kwenye sanduku kuu la umeme, pamoja na swichi yake ya kujikata, na kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni.

Kwa transfoma hesabu ni kali zaidi. Ikiwa volti zake kabla ya kuwashwa moto ni 70, nayo yatoa ampea 100, basi itavuta ukutani karibu ampea 29. Ndiyo sababu taa za jirani hufifia kila fundi agusapo chuma, na ndiyo sababu fyuzi hukatika. Mtu akiona fyuzi yakatika, akaweka waya mnene au msumari mahali pa fyuzi, huyo ameondoa mlinzi mlangoni ili mwizi asisumbuliwe.

Tangu mwaka 2015, mpango wa Serikali wa kufikisha umeme mashambani uliwaunganisha watu wengi wa vijijini. Nyumba nyingine zilipewa kibao kidogo chenye soketi na taa chache tu. Kibao hicho ni baraka kwa taa, redio na simu, lakini hakikuwekwa kwa ajili ya mashine ya kuchomelea. Mwenye nyumba ya namna hiyo na aanze kwa waya, kisha afuate mashine.

Tena kuna jambo la waya mrefu. Banda likiwa mita 50 kutoka nyumbani, na mtu akavuta waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, kwa ampea 20 atapoteza njiani kama volti 29 katika zile 240. Akitumia waya wa milimita za mraba 2.5 atapoteza kama volti 18. Zile volti zilizopotea hazikwenda mbali, zimegeuka joto ndani ya waya. Waya uliokunjwa kama kamba huku ukitumika huweza kuyeyuka ngozi yake na kuwaka. Na katika nchi ambayo nyumba nyingi za zamani ni za mbao, jambo hilo si la kuchezewa.

KUSOMA KIBAO CHA MASHINE

Kila mashine njema ina kibao chenye namba. Mnunuzi na aisome kabla ya kusikiliza maneno ya mwuzaji. Namba ya kwanza ni ampea. Masanduku mengine madogo yameandikwa 250 au 300 kwa herufi kubwa za kupendeza, na nyuma yake mna waya mwembamba na plagi ya ampea 13. Hesabu iliyotangulia yatosha kuufichua uwongo huo. Moto wa ampea 250 huwa na volti karibu 30, yaani wati 7,500. Wati 7,500 haziwezi kupita katika plagi ya wati 3,120, kama vile gunia la viazi lisivyoweza kupita katika tundu la sindano. Mnunuzi mwenye penseli na kipande cha karatasi hahitaji kubishana na mtu.

Namba ya pili ni kipimo cha kazi na mapumziko, ambacho huandikwa kwa asilimia. Hesabu yake ni ya dakika kumi. Ikiandikwa asilimia 60 kwa ampea 100, maana yake mashine yaweza kuchomelea dakika sita, kisha ipumzike dakika nne. Ikiandikwa asilimia 20 kwa ampea 140, basi ni dakika mbili za kazi na nane za mapumziko. Kwa mtu wa nyumbani hilo si baya, kwa kuwa dakika nyingi hupita katika kupima, kukata na kugonga ganda. Lakini mtu anayetaka kuchomelea mageti kwa biashara na aitafute mashine yenye asilimia kubwa kwa ampea atakazotumia kila siku, wala si kwa ampea za juu asizozigusa.

Namba hizo zina sharti moja ambalo watu wa Mlima Kenya yawapasa walijue. Kanuni za kimataifa za kupima mashine hizi huhesabu mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari. Embu iko juu ya mita 1,300, Nyeri juu ya mita 1,700, na Nanyuki juu ya mita 1,900. Huko hewa ni nyepesi, na feni ya mashine hupata hewa haba ya kuipoza. Ni kweli kuwa baridi ya huko husaidia, maana vipimo vizuri hufanywa katika joto la digrii 40. Hata hivyo fundi wa Nanyuki mwenye busara huipa mashine yake mapumziko zaidi kidogo kuliko yaliyoandikwa, wala hazibi matundu ya feni kwa gunia ili kuzuia vumbi.

DUKANI

Mnunuzi asinunue mashine iliyofungwa katika sanduku bila kuiona ikiwaka. Na achukue vipande viwili vya chuma cha pembe na rodi tatu za milimita 2.5. Aombe mashine iwashwe, rodi iguswe, na moto uendelee mpaka rodi iishe. Moto ukikatikakatika, au mashine ikizima baada ya rodi ya kwanza, jibu limepatikana. Asikilize feni. Apime uzito wa waya kwa mkono. Waya wa mashine ulio mwepesi kama kamba ya nguo mara nyingi si wa shaba tupu. Atazame kishikio cha rodi na koleo la kushika chuma. Vikiwa dhaifu vitapata moto mkononi mwake.

Kisha aulize maswali matatu. Vipuri vyapatikana wapi? Nani huitengeneza hapa mjini? Dhamana ni ya muda gani, nayo imeandikwa? Mashine ambayo ikifa sharti ipelekwe mbali kwa basi si mashine rahisi, hata kama bei yake ni ndogo. Kwa mashine iliyokwisha kutumika, inafaa zaidi kuuliza ilitumika wapi. Ile iliyokaa kando ya grainda kwa miaka imejaa unga wa chuma tumboni, na unga huo hupitisha umeme mahali pasipotakiwa.

FEDHA ZA KINGA NI SEHEMU YA BEI

Jambo kubwa kuliko yote lililosalia ni hili: asiyekuwa na fedha za kinga hana bado fedha za mashine. Katika karakana nyingi huonekana mafundi waliovaa miwani ya jua tu, na wengine hufumba macho wakageuza uso. Mwanga wa kuchomelea una miale isiyoonekana ambayo huunguza jicho kama jua liunguzavyo ngozi. Mtu hasikii kitu wakati wa kazi. Baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, huamka macho yakimwasha kana kwamba yametiwa mchanga, machozi yakimtoka. Miwani ya jua haizuii jambo hilo. Kinachotakiwa ni kinyago cha uso chenye kioo cha giza cha namba 10 au 11 kwa ampea zilizotajwa. Watoto nao hupenda kuutazama mwanga ule. Basi pawekwe pazia la turubai au ukuta wa mabati kati ya kazi na uwanja.

Moshi nao si wa kudharauliwa. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki yakichomelewa hutoa moshi mweupe ambao humpa mtu homa na kutetemeka baada ya saa chache, akadhani ana malaria. Mafundi wengi huamini kwamba maziwa husafisha kifua. Maziwa ni chakula chema, na Nyeri ina ng'ombe wengi, lakini maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni, havikutani. Dawa ni kufanya kazi mahali penye hewa, kukaa upande upepo utokako, na kuisugua zinki itoke kabla ya kuchomelea.

Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, huleta hatari nyingine. Mashine kabla ya kuwasha moto huwa na volti 50 hadi 80 kwenye rodi. Kwa mtu mkavu mwenye viatu na glavu hizo ni chache. Kwa mtu aliyelowa, aliyepiga magoti katika matope, zaweza kumwua. Waya wa ardhi uwe mzima, na kazi isimame mvua inyeshapo. Rodi nazo zihifadhiwe mahali pakavu, maana rodi iliyonyonya unyevu hutoa kiungo kilichojaa matundu.

Cheche huweza kuruka mita kumi na zaidi. Majani makavu ya ng'ombe, maranda ya mbao, petroli na magunia viondolewe kwanza, ndoo ya maji au mchanga iwe karibu, na fundi asiondoke mara amalizapo, bali atazame kwa nusu saa hadi saa nzima. Na pipa au tangi lililowahi kutiwa mafuta lisichomelewe kamwe na mtu aanzaye, hata likiwa tupu. Mvuke uliobaki ndani ndio ulipukao.

MFANO WA KIJANA WA TETU

Na uchukuliwe mfano wa kijana wa Tetu ambaye baba yake amemwuzia ndama ili aanze kazi. Fedha hizo haziwezi kupatikana mara ya pili mwaka huo. Akizigawa mafungu kumi, yafaa matano yawe ya mashine, mawili ya kinyago, glavu za ngozi, viatu na aproni, moja la fundi wa umeme, moja la grainda ndogo, nyundo na brashi ya chuma, na moja la rodi na vyuma chakavu vya kujifunzia. Akizitia zote kumi katika mashine kubwa, atakuwa na mashine asiyoweza kuiwasha, mbele ya macho asiyoweza kuyakinga. Baada ya mwezi ataiuza kwa nusu ya bei, na baba yake hatakuwa na ndama wala geti.

Kujifunza nako kuna mahali pake. Tangu miaka ya 1960 vyuo vya ufundi vya vijijini vilianzishwa katika Kenya kwa ajili ya vijana waliomaliza shule bila kazi, na tangu mwaka 2013 vyuo vya namna hiyo viko mikononi mwa serikali za kaunti. Katika mji wa Nyeri, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilianza mwaka 1972 kama chuo cha ufundi kilichojengwa kwa juhudi za wananchi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2012. Mtu asiyeweza kwenda chuoni aweza kukaa chini ya fundi mwema wa jua kali, kisha akafanya mtihani wa Serikali wa ufundi unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, akianzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Cheti hicho humfungulia mlango wa zabuni na wa kazi katika viwanda vya chai na kahawa.

Wiki za kwanza zitumike kwa vyuma chakavu. Kila kiungo kivunjwe kwa nyundo ili kionekane ndani, kama kimeshika au kimepakwa juu tu. Anayejivunjia viungo vyake nyumbani hatavunjikiwa na geti mlangoni kwa mtu.

Basi methali ya wazee yasimama mahali pake. Mchagua jembe si mkulima, kwa kuwa udongo ni ule ule na jembe ni lile lile. Lakini mashine ya kuchomelea si jembe. Yataka kwanza hesabu ya kazi, kisha hesabu ya umeme, kisha hesabu ya kinga, na bei ndiyo iwe ya mwisho kuulizwa. Mwenye macho haambiwi tazama, wasema Waswahili. Na fundi atakaye kuendelea kutazama mpaka uzeeni, huyo na aanze kwa kununua kioo cha giza kabla ya kununua moto.